Treni ya bomba? Njoo kwanza uione geji yangu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi, na barua ikiwa ndefu kateni mnapotaka, mi sio mwandishi, ni fundi friji na AC hapa Buguruni. Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji wa Mwanza, jamaa anasema tumechelewa, yani wenzetu huko duniani wameshahama kwenye reli wapo kwenye treni ya bomba, ile wanaita haipalupu, watu wanapita ndani ya bomba lililonyonywa hewa, inakimbia kilomita 1,200 kwa saa, sisi bado tunapiga picha na SGR ya 160, akamalizia kwamba zile hela bora zingesubiri lijengwe bomba la Dar mpaka Mwanza, mtu anywe chai Kariakoo na mchana ale samaki Kirumba. Niliisoma nikisubiri mteja, nikawasomea na vijana wangu, kijiwe kizima kikahamia upande wa jamaa wa Mwanza nikabaki peke yangu. Sasa nimeona nijibu kwa maandishi maana kijiweni wananizidi sauti, na hii habari ya kunyonya hewa kwenye bomba ndo inayonilisha mimi mwaka wa 17 huu.

Tuanze na hilo la "wameshahama". Hajahama mtu. Mpaka naandika hapa hakuna nchi hata moja ambayo unaenda dirishani unakata tiketi ya treni ya bomba ukafika mji wa pili. Kuna mabomba ya majaribio, mengine mafupi kuliko mtaa wangu, na kuna video. Video ni nyingi kweli, nadhani ndo zilizomfikia ndugu yetu, zile za kuchora kwenye kompyuta, kapsuli, yani kile kibehewa cha abiria, nyeupe inateleza kama samaki na waliomo ndani wote wanacheka.

Hii kelele ya sasa ilianza Agosti 2013. Elon Musk, yule wa magari ya Tesla na maroketi, alitoa andiko lake. Wakati huo jimbo la California linapanga reli ya mwendokasi kwa makadirio ya dola bilioni 68, yeye akaona ni ghali afu polepole, akasema mi ningefanya hivi, bomba la chuma toka upande wa Los Angeles mpaka upande wa San Francisco, kilomita kama 560, limelazwa juu ya nguzo, hewa ya ndani inanyonywa inabaki moja ya elfu, kapsuli za watu 28 zinapita humo kwa spidi ya 1,220, dakika 35 umefika, nauli dola 20, na gharama yote dola bilioni 6. Bilioni 6 tu! Afu akasema yeye ana mambo mengi, anayetaka kulijenga achukue. Hapo mi huwa nacheka, maana fundi akikuambia kazi hii rahisi sana halafu akakuachia wewe uifanye, jiulize mara mbili.

Ila nisimuonee, wazo lenyewe sio la kijinga. Ukiwa kwenye basi pale baada ya Chalinze limekolea, toa mkono dirishani uone hewa inavyousukuma nyuma. Hiyo ni 80 tu. Ukiongeza spidi mara mbili hewa haikuzuii mara mbili, inakuzuia mara nne, na nguvu ya injini ya kushindana nayo inapanda mara nane, kwahiyo chombo cha kwenda kasi sana chini huku ardhini kinamaliza umeme wote kwa kupigana na hewa. Ukiiondoa hewa umeondoa adui. Ndege nayo inafanya ujanja huohuo, inapanda kilomita 11 juu kwa sababu kule hewa imebaki kama robo tu ya hii yetu. Tofauti ni kwamba ndege ile hewa nyepesi inaikuta kule bure, imewekwa na Mungu, bomba linabidi lijitengenezee kwa pampu, linunue umeme wa kuitunza usiku na mchana, kila mita ya njia, hata saa ambayo hakuna abiria hata mmoja.

Sasa hapo kwenye moja ya elfu ndo nilikaa vizuri kwenye kiti. Hewa ya kawaida hapa Dar, kwa kipimo tunachotumia mafundi, ni maikroni 760,000. Nikifunga AC ya spliti, kabla sijafungulia gesi lazima nivute vakyumu, yani niitoe hewa yote bombani, naunganisha pampu, naacha inanguruma mpaka geji isome chini ya 500, unyevu wote uchemke utoke, la sivyo kompresa haifiki mwakani. Andiko la Musk linasema paskali 100, hicho ni kipimo kingine cha msukumo wa hewa. Nikaigeuza kwenye simu, ikaja kama maikroni 750. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Yani vakyumu anayoitaka Musk kwenye bomba lake ni hafifu kidogo kuliko ninayovuta mimi kwenye chumba cha mteja Tabata, kwa pampu ya mtumba ya Kariakoo ambayo mpini wake nimeufunga kwa waya. Vijana waliposikia wakashangilia, si unaona bosi, kumbe hata wewe unaweza! Ndio naweza. Kwenye bomba la kopa la mita 4.

Na kuifikia sio kazi, kazi ni ikae. Nikishafika 500 nafunga valvu, nazima pampu, navuta ndoo nakaa naiangalia geji. Mteja anadhani napumzika. Ikianza kupanda, 600, 900, 1,500, ujue kuna sehemu hewa inaingia, na mwisho wa siku hiyo huujui. Mwezi wa pili nilishinda kwa mama mmoja Ilala toka saa tatu asubuhi mpaka magharibi kwa liki moja, yani sehemu moja tu inayovuja. Nikajaza naitrojeni, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, kimya. Nikapaka tena. Kwenye nati ya pili nyuma ya mashine ya nje, pamebana hata mkono hauingii, nikaona kapovu kamoja kadogo kama kichwa cha pini kanavimba taratibu, unahesabu mpaka 20 ndo kanapasuka. Kopa lilichanika upana wa unywele pale lilipotanuliwa. Siku nzima, bomba la mita 4, viungo vinne.

Bomba la Musk lilikuwa na upana wa mita 2.23. Ukitafuta eneo la duara lake ukazidisha kwa kilomita 560 unapata nafasi ya mita za ujazo milioni 2 na laki mbili, na hayo ni ya kwenda, kuna na la kurudi. Nguzo kila mita 30 hivi, kwahiyo ukigawanya tu ni zaidi ya nguzo elfu 18, na bomba huwezi kulileta zima toka kiwandani, linakuja vipande linachomelewa hapohapo porini. Ongeza milango ya stesheni ambako kapsuli inatoka kwenye hewa ya kawaida inaingia kwenye vakyumu kila dakika, milango hiyo nayo ina sili za mpira, na mpira ni mpira, muulize mwenye friji ya zamani. Huko Marekani kuna kifaa cha wanasayansi kinaitwa LIGO cha kusikilizia mitetemo ya anga, kina mikono ya bomba ya kilomita 4, ujazo wake mita za ujazo 10,000 hivi, kuitoa hewa kulichukua siku 40. Sawa, wao walitaka iwe safi mno kuliko ya Musk, sio ulinganifu wa haki sana, ila humo hakupiti watu, hakuna kinachotikisa, hakuna mlango unaofunguliwa kila dakika, na bado hiyo ni kama sehemu moja ya 200 ya bomba moja tu la California.

Wahandisi wanajibu kwamba sio lazima bomba lisivuje kabisa, liki ndogo zitakuwepo na pampu zitakuwa zinaondoa kinachoingia. Nakubali, hata chumba cha baridi kinavujisha baridi na kompresa inafidia. Shida ni liki ikikua. Na hili sio jipya. Mwaka 1847 huko Devon Uingereza mhandisi mkubwa kabisa, Brunel, aliendesha treni isiyo na kichwa, kati ya reli mbili akalaza bomba, ndani kuna pistoni, nyumba za pampu kila baada ya kilomita 5 hivi zinanyonya hewa mbele na treni inavutwa. Ilikimbia vizuri tu, abiria walipanda. Lakini pistoni ilibidi ishikane na treni iliyo juu, kwahiyo bomba lilikuwa na mpasuo urefu wote, mpasuo ukafunikwa na ngozi, ngozi ikapakwa mafuta ya mnyama isipitishe. Ngozi ikakauka, ikachanika, hewa ikawa inaingia kila mahali, pampu zinahangaika zinakula makaa ya mawe bila kushiba, na Septemba 1848 wakafunga, hata mwaka mzima kwa hesabu haukupita. Sio ajali iliyoifunga. Ni sili. Mi nikisoma hiyo habari naiona kabisa sura ya fundi wa pale, saa kumi alfajiri na kopo la mafuta mkononi anapaka ngozi aliyoipaka jana.

Halafu kuna uzito wa hewa wenyewe, huu watu hawauoni kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Hewa inakandamiza tani 10 kila mita moja ya mraba. Bomba likiwa na hewa ndani halihisi, ndani na nje zinasukumana sawa. Ukiitoa ya ndani, chuma kinabaki peke yake na tani 10 kila mita, kilomita 560. Vijana wangu hawakuniamini. Nikachukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, gumu lile la njano, nikatoboa kifuniko nikafunga valvu nikaziba kwa gundi, nikaunganisha na pampu yangu. Nikawasha. Sekunde za mwanzo hakuna kitu, dogo mmoja akaanza kunizomea, afu ubavu mmoja ukaingia ndani kwa mlio kama bati limekanyagwa na gari, puu, halafu ubavu wa pili, dumu likajikunja kama mtu kapigwa ngumi ya tumbo. Aliyekuwa ananizomea alikuwa wa kwanza kutoka nje. Geji ilikuwa haijafika hata robo ya safari. Najua chuma sio plastiki, Musk alipanga unene wa milimita 20 na kitu, hesabu za wataalamu zinasema kinahimili. Kinahimili kikiwa kizima na mviringo. Siku lori limegonga nguzo bomba likapinda, hapo sitaki kuwepo.

Sasa nije Dubai, maana huko nimekaa, nilifunga AC miaka mitano toka 2014. Novemba 2016 zilitoka habari pale kwamba kampuni ya Hyperloop One imekubaliana na mamlaka ya barabara ya Dubai kupima njia ya bomba mpaka Abu Dhabi, dakika 12. Tulikuwa kampu ya Al Quoz, chumba kimoja watu sita, mimi, Mkenya mmoja wa Malindi, Wapakistani na Mfilipino, tukaiangalia hiyo video kwenye simu ya Mfilipino mpaka chaji ikaisha. Elewa kwa nini. Kampuni ilikuwa inatutuma Abu Dhabi kila mara, unapanda basi la E101 pale Ibn Battuta kwa dirhamu 25, na ukibahatika ni saa moja na nusu, usipobahatika foleni inakukuta njiani na jua linakupiga kupitia kioo. Dakika 12 kwetu ilikuwa kama pepo. Mkenya akasema mimi hiyo bomba ikikuja nahama Al Quoz nalala Abu Dhabi.

Mimi nilikuwa naamini. Kilichonitoa imani ni paa. Agosti ya mwaka uliofuata tulikuwa juu ya ghorofa tunabadilisha mabomba marefu ya chila, ile mashine kubwa ya kupoza jengo, mabomba ya chuma ya jengo zima, msimamizi wetu wa Kihindi akatuonyesha pale yanapokatwa yakawekewa kipande chenye mikunjo kama kodiani. Akasema hiki ni cha joto, asubuhi bomba fupi, saa nane mchana refu, usipoliachia nafasi litang'oa ukuta. Chuma hutanuka kama milimita 12 kwa kila kilomita kwa kila nyuzi moja ya joto. Nikiwa palepale nikapiga hesabu ya Dubai mpaka Abu Dhabi, kilomita kama 140, tofauti ya joto la usiku wa Januari na mchana wa Agosti weka nyuzi 30 tu, jua la kule chuma huwezi kukishika bila glavu kwahiyo nyuzi 30 ni huruma, unapata mita 50. Bomba linarefuka mita 50! Basi nne zimepangwa mstari. La California kwa nyuzi hizohizo linaenda mita 200. Musk aliliona hilo, akasema bomba liteleze juu ya nguzo na urefu wote uishie stesheni za mwisho. Sasa wewe fikiria stesheni ambayo mlango wake unatembea mita mia, na mlango huo uwe haupitishi hewa. Au uweke kodiani kila baada ya mita kadhaa, na kila kodiani ni kiungo, na kila kiungo mi nishakwambia kina kapovu kake.

Kwahiyo lilijengwa au halikujengwa? Halikujengwa hata mita moja kati ya Dubai na Abu Dhabi. DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, hiyohiyo tunayoijua hapa bandarini Dar toka mkataba wa 2023, ndo walikuwa wenye hisa nyingi kwenye ile kampuni, na jina likaja kubadilika ikawa Virgin Hyperloop. Sio watu wa mchezo wale, waliweka mamilioni ya dola. Wakajenga bomba la majaribio la mita 500 jangwani Nevada karibu na Las Vegas. Mwaka 2017 kapsuli tupu ikafika 387 kwa saa, nzuri. Novemba 2020 wakapandisha watu wawili, wafanyakazi wao wenyewe, Josh Giegel na Sara Luchian, dunia nzima ikaandika. Unajua walifika ngapi? 172. Sekunde 15 hivi wakawa wamemaliza bomba. Ndugu yangu wa Mwanza, hiyo ni kilomita 12 tu zaidi ya hii SGR unayoicheka, na SGR inabeba na mizigo ya mama zetu. Februari 2022 wakapunguza wafanyakazi zaidi ya 100 wakasema sa hivi tunataka kubeba mizigo tu sio watu, na mwisho wa Desemba 2023 wakafunga kabisa.

Na Musk mwenyewe je? Alikuwa na bomba la majaribio pembeni ya kiwanda chake Hawthorne, California, vijana wa vyuo walikuwa wanashindana humo, Wajerumani wa chuo cha München walikuwa wanashinda kila mwaka, walivuka 460 kwa saa na kapsuli ndogo isiyo na mtu. 2022 likang'olewa, pakawa maegesho ya magari ya wafanyakazi. Las Vegas ndo kachimba mahandaki chini ya ukumbi wa maonyesho, yamefunguliwa 2021, ukishuka unakuta Tesla na dereva wake anakupeleka taratibu upande wa pili. Teksi. Teksi ya chini ya ardhi. Sisemi ni mbaya, lakini toka kilomita 1,220 kwa saa mpaka teksi ni kushuka ngazi nyingi.

Jamaa mmoja kijiweni akanibana hapo, akasema Wachina je. Kweli, Wachina wana bomba la kilomita 2 huko Datong mkoa wa Shanxi na mapema 2024 walitangaza wamefika 623. Na Waholanzi wana lao la mita 420 pale Veendam, lilifunguliwa mwaka huohuo. Nawaheshimu. Mchina anaweza kuja kutushangaza, simkatai. Ila angalia na hiki, Wajapani wana treni ya sumaku isiyo na bomba lolote, inaelea kwenye hewa hii ya kawaida, 2015 ilifika 603 na watu wakiwa ndani. Yani spidi hizo ambazo mabomba yanahangaika kuzifikia kuna mtu kashazifikia bila kuvuta vakyumu. Na hata huyo Mjapani mwenye hela na subira, njia yake ya Tokyo mpaka Nagoya aliyosema itakuwa tayari 2027 imesogea mpaka miaka ya 2030 na kitu. Kama kuelea peke yake kunachukua miaka hiyo yote, ongeza na kunyonya hewa.

Mambo mengine nayapitia haraka maana nimeandika sana. Kona. Kwa spidi ile ukikata kona mwili unatupwa pembeni, na kama unataka abiria asitupwe zaidi ya nusu ya uzito wake, kona lazima iwe na nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 23, karibu mstari mnyoofu, kwahiyo nyumba za watu, milima, makaburi, vyote vilivyo mbele unapita katikati, na mtu wa Mwanza anajua mlima wa Sekenke ulivyo. Breki. Musk alisema saa za msongamano kapsuli zitoke kila sekunde 30, kwa spidi ile zinaachana kilomita 10, lakini ukifunga breki kwa nguvu ya kumrusha mtu na mkanda ukiwa umemshika bado unahitaji kilomita 12 kusimama. Ya mbele ikikwama ghafla hesabu hiyo imalizie mwenyewe. Na idadi ya watu, hili ndo linaloniuma zaidi, kapsuli ya watu 28 kila dakika mbili, ndo wastani wake nje ya msongamano, ni watu 840 kwa saa. Treni moja ya mwendokasi ya Japani, ile ya Tokyo mpaka Osaka, ina viti 1,323, na zinapishana kila baada ya dakika chache toka asubuhi. Bomba la mabilioni linahitaji zaidi ya saa nzima na nusu kubeba watu wa treni moja.

Niseme kidogo kuhusu kukwama. Dubai nilishakwama kwenye lifti ya jengo moja, sitalitaja, tulikuwa watu saba, umeme ukakata, feni ikazima. Dakika 40. Mama mmoja Mlebanoni alianza kuhema kwa nguvu, tukamkalisha chini, Mbangladeshi mmoja akawa anampepea kwa risiti ya duka. Kilichotuokoa ni kwamba fundi alikuja akapanua mlango sentimita kumi kwa nondo na hewa ikaingia, kabla hata hatujatolewa tulikuwa tumeshapona. Hewa ilikuwa nje inatusubiri. Kwenye bomba la vakyumu nje ya mlango ndo kifo kipo, mtu kwenye hewa ile anapoteza fahamu ndani ya sekunde 15. Ndege ikipasuka dirisha rubani anashuka chini haraka kwenye hewa nzito, watu wanapumua. Kapsuli inashuka wapi? Andiko linasema kuna barakoa za oksijeni na bomba linaweza kujazwa hewa upya, sawa, ila kujaza hewa kwenye bomba lenye kapsuli nyingine zinazokuja kwa 1,200 ni jambo ambalo ningependa lijaribiwe mara nyingi sana na mbuzi kabla ya mke wangu.

Sasa turudi kwenye hela maana ndugu yetu alisema zingesubiri. Ile bilioni 6 ya Musk ukigawa ni kama dola milioni 11 kwa kilomita, na bomba lenyewe kwenye mchoro halikufika katikati ya hiyo miji, sehemu yenye ardhi ya bei. Treni ya sumaku ya Shanghai, kilomita 30 tu na haina bomba wala vakyumu, iligharimu zaidi ya dola bilioni moja, yani karibu milioni 40 kwa kilomita, na hiyo ni bei ya miaka ya 2000 mwanzoni. Mtu aliyekuambia anaweza kujenga kitu kigumu zaidi kwa robo ya bei hajawahi kuandika kotesheni ya kweli. Mi nikiandika kotesheni ya namna hiyo mteja ananirudia na mgambo.

Na hao Waarabu wenyewe wa dakika 12 unajua walifanya nini baadaye? Januari 2025 walitangaza reli ya mwendokasi Abu Dhabi mpaka Dubai, magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma, 350 kwa saa, nusu saa umefika. Wana hela, wana jangwa tambarare lisilo na Sekenke wala mashamba ya watu, walishika hisa za kampuni ya bomba mkononi, na bado wamerudi kwenye reli. Mkenya wangu wa Malindi alinitumia hiyo habari na neno moja tu, "hama".

Mimi SGR nimeipanda mara tatu kwenda Dodoma kikazi toka ilipoanza Julai 2024. Daraja la kawaida 31,000, pampu yangu nimeibana katikati ya miguu, boksi la vifaa juu, chini ya saa nne nipo Dodoma nafunga mashine siku hiyohiyo, zamani na basi nilikuwa nafika nimepinda mgongo nalala gesti ndo nianze kazi kesho yake. Ina mapungufu yake, waandikieni wanaohusika, hata mi nitaandika. Ila kumwambia mtu wa Mwanza asisubiri reli imfikie, asubiri bomba, huko ni kumnyima na alichokuwa anaenda kukipata. Reli ya kwenda kwake ndo aipigie kelele, ifike, na ifike mapema.

Kama haniamini aje Buguruni akipita Dar, aulize fundi AC mwenye dumu. Lile dumu lililojikunja sijalitupa, vijana wanalitumia kuzuia mlango usijifunge upepo ukija.

Ni mimi,
Fundi Friji,
Buguruni, Dar es Salaam